Jaketi la kuokoa maisha kwa joto la Kisumu: lita saba zikae wapi?

Swali la msomaji:

Mwalimu, habari ya kazi. Naishi hapa Kisumu, nina kilo 64. Tangu mwaka jana napiga kafi kwenye kayaki kila wikendi, tunatokea ufuo wa Dunga, Ziwa Victoria, na wenzangu. Shida yangu ni jaketi la kuokoa maisha. Lile la rangi ya machungwa tunalokodi ni joto tupu, nikiketi linapanda mpaka kidevuni, na kwapani limenichubua. Ikifika saa nne huwa nalivua, nalikalia. Kuogelea naweza, nilijifunza kwenye bwawa la hoteli. Rafiki yangu ananishauri ninunue ule mkanda wa kiunoni unaojaa hewa ukivuta kamba. Je, ninunue huo, au kuna jaketi jembamba la kufaa joto letu hili?

Jibu:

Dada, asante kwa kusema wazi kwamba unalivua. Wengi hulivua na hawasemi, kisha tunabaki kushauriana kuhusu rangi na mifuko huku jaketi lenyewe liko chini ya makalio. Kayaki ikipinduka, wewe utaangukia upande huu, kafi litaenda upande ule, na jaketi, kwa kuwa ni jepesi kuliko vyote, litaibuka na kuchukuliwa na upepo. Hata ukilidaka, kulivaa ukiwa majini ni kazi ngumu. Jaribu kwenye bwawa hilohilo ulikojifunza, mahali usipoweza kukanyaga chini, na mwenzako akiwa kando anakuangalia. Litupe mbele yako, ulifuate, ulivae, ufunge klipu zote. Kila utakapoingiza mkono, litakupanda usoni. Na hapo maji yametulia, hakuna wimbi la alasiri, hakuna magugu maji yanayokushika miguu.

Kwa hiyo nalichukulia joto lako kuwa jambo la usalama kabisa. Jaketi linalokuchoma utalivua, na ukilivua halina kazi tena. Tulitafute ambalo saa nne itapita, saa tano itafika, na bado utakuwa umelivaa bila kulifikiria.

Umeuliza kuhusu jaketi jembamba. Hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea, kwa hiyo niruhusu nitumie muda kidogo. Kinachokuinua majini ni ujazo. Ile sponji ngumu ya ndani, isiyonywa maji, imejaa vijumba vidogo vya hewa vilivyozibwa, na kila lita moja yake ikizama inakusukuma juu kwa nguvu ya karibu kilo moja. Majaketi ya wapiga kafi yanayofuata kanuni za Marekani huanzia nguvu ya nyutoni 69, yaani karibu kilo saba. Ya kiwango cha kimataifa cha ISO 12402, ngazi ya 50, humwinua mtu mzima kwa kilo kama tano. Basi piga hesabu: ukitaka kuinuliwa kilo saba, lazima ubebe lita saba za sponji, na kidogo juu yake kufidia uzito wa jaketi lenyewe. Hakuna fundi anayeweza kuikwepa hesabu hiyo.

Fundi akilifanya jaketi liwe jembamba, itambidi alitandaze. Litashuka hadi kiunoni, litazunguka mbavu, litafunika mgongo mzima. Sponji hiyo huzuia joto kutoka, namna chupa ya chai inavyolinda chai, na kila kipande cha ngozi kinachofunikwa ni kipande ambacho jasho lake haliwezi kukauka. Akizirundika lita zilezile kifuani na juu ya mabega ya nyuma, kifua kitakuwa kinene, lakini ubavu na kiuno vitabaki wazi na upepo wa ziwa utapita. Ndiyo sababu jaketi jembamba na laini linaweza kukupendeza ukilishika dukani kisha likakupika ziwani. Usiulize lina unene gani. Uliza lita zake zimekaa wapi.

Unene una gharama yake pia, sikufichi. Kifua kinene sana kinakuzuia kujivuta tena juu ya kayaki baada ya kuanguka, maana unapanda kwa tumbo na lile furushi linagonga ukingo. Mimi hupendekeza sponji ya mbele iishie juu ya tumbo na igawanywe vipande viwili au vinne vinavyokunjika, badala ya ubao mmoja mgumu. Vipande hukunjika unapoinama, na nafasi iliyo kati yake hupitisha hewa.

Je, kilo saba ni nyingi kwako? Mwili wa binadamu karibu unaelea wenyewe. Watu wazima wengi huhitaji nyongeza ya kilo tatu hadi tano tu ili kichwa kibaki juu. Ila kumbuka ziwa letu halina chumvi. Aliyejifunza kuelea Mombasa akija Kisumu atajikuta ameketi chini zaidi majini. Kwa mwili wa kilo 64 tofauti ni kama kilo moja na nusu. Ngazi ya 50 imekusudiwa anayejua kuogelea na aliye karibu na ufuo au karibu na msaada. Mkiwa kundi, mkizunguka mbele ya Dunga, inatosha. Lakini umejifunza kuogelea kwenye bwawa, na Ghuba ya Winam, mkono huu wa ziwa ulioingia hadi Kisumu, ikichafuka ina wimbi fupi, la harakaharaka, linalokupiga mdomoni kabla hujamaliza kuvuta pumzi. Ningekuchagulia la nyutoni 70. Tofauti ya joto kati yake na la 50, yakiwa yamekatwa vizuri yote mawili, hutaihisi sana. Tofauti ya mahali mdomo wako ulipo utaihisi mara ya kwanza tu ukianguka.

Lijue na lisilofanya: jaketi la mpiga kafi, liwe la 50 au la 70, halina ahadi ya kumgeuza mtu aliyezimia uso uangalie juu. Hiyo ni kazi ya ngazi ya 100 na 150, yenye sponji nene kifuani na ukosi nyuma ya shingo. Hilo mnalokodi, kwa jinsi unavyolieleza, nadhani ni la jamii hiyo au ni nakala yake. Limekatwa kwa ajili ya abiria: mtu aliyeketi kwenye boti akisubiri kufika, au aliye majini akisubiri kuokolewa. Halikukatwa kwa mtu ambaye mabega yake yatazunguka asubuhi nzima. Kwa hiyo kuchubuka kwako si kwa sababu una ngozi nyororo kupita wenzako.

Sasa mkato wenyewe. Anza na mgongo, kwa maana malalamiko yako ya kidevu yanatoka huko. Kiti cha kayaki kina egemeo. Sponji ya mgongo ikishuka hadi kiunoni, ukiketi inakaa juu ya egemeo, inasukumwa juu, na mbele yote inafuata hadi kidevuni. Tafuta lile ambalo sponji ya nyuma imewekwa juu tu, kwenye mifupa ya mabega, na kuanzia hapo kushuka chini ni neti tupu. Egemeo litagusa neti, jaketi litatulia, na jasho la mgongo, ambao ndio unaotoa jasho kuliko sehemu nyingine, litapata pa kupita. Ukiniambia una pesa za kulipia jambo moja zuri katika jaketi, nitakuambia lipia mgongo huo. Ila uwe na uhakika wa urefu wa egemeo lako. Likiwa refu kupita kawaida, hata sponji ya juu itagongwa, na likiwa halipo kabisa, kama kwenye mtumbwi wa kawaida, mgongo wowote utakaa sawa na neti itakuwa ya kukupoza tu.

Kwapa nalo linataka tundu la mkono lililochimbwa kwa kina, na mikanda ya bega myembamba yenye kitambaa laini upande wa shingo. Pima dukani ukiwa umeketi. Omba kiti, omba mpini wa ufagio, upige kafi hewani dakika tano huku muuzaji akikuangalia anavyotaka. Ukihisi ukingo wa sponji unakwaruza mkono wa ndani hata mara moja, liweke chini, kwa sababu mkwaruzo wa dukani ukiongezwa jasho na maji huwa kidonda. Kusimama mbele ya kioo hakutakuonyesha lolote. Takriban kila jaketi hukaa vizuri kwa mtu aliyesimama.

Kuhusu kifua, dada, niseme waziwazi kwa sababu wauzaji wanaume huona haya kulisema na wanawake wengi wanaumia kimyakimya. Ubao bapa wa sponji ukilazwa juu ya matiti hauwezi kulala. Huinuka, huacha pengo chini, na pengo hilo ndilo linaloruhusu jaketi zima kupanda majini. Ukikaza zaidi, unabanwa pumzi na joto linaongezeka. Kuna majaketi yaliyokatwa kwa umbo la mwanamke: sponji ya mbele imechongwa kwa mviringo, au imegawanywa ikaacha nafasi katikati, na mikanda ya bega inarekebishika mbele. Si kila mwanamke anayahitaji; mwenye kifua kidogo anaweza kukaa vizuri katika lile la kawaida lenye vipande vingi. Lakini yajaribu yote mawili siku hiyohiyo, moja baada ya jingine. Vaa ndani sidiria ya michezo isiyo na ndoano mgongoni, maana ndoano ikikutana na neti na egemeo la kiti, jioni utaiona alama yake.

Zipu ya mbele au la kupitishia kichwani? La kichwani mara nyingi hushika mwili vizuri na lina vifungo vichache vya kukwaruza. Lakini ukiwa umesuka, au umejifunga kitambaa, kulivuta juu ya kichwa kila mara ni usumbufu, na usumbufu mdogo ndio unaomfanya mtu aseme leo basi. Chukua la zipu, lenye mkanda wa kiuno chini ya zipu. Sharti langu ni moja: zipu haifunguliwi ukiwa majini kwa ajili ya kupata hewa. Jaketi lililofunguliwa linakuvuka kichwani mara tu unapozama.

Saizi usichague kwa kilo. Kwa watoto ndiyo, jaketi huchaguliwa kwa uzito. Kwa mtu mzima kipimo ni mzunguko wa kifua, na chukua kipimo hicho ukiwa umevaa fulana utakayoivaa ziwani. Legeza mikanda yote, vaa, funga zipu, kisha kaza kuanzia kiunoni kwenda juu, mabega yawe ya mwisho. Watu huanza na mabega, wakalivuta jaketi juu, wakashangaa linapowafikia kidevuni. Ukimaliza, mwambie mwenzako alivute kwa mabega kwenda juu kwa nguvu. Likifika mdomoni au masikioni, ni kubwa au halijakazwa. Likitulia, vuta pumzi ndefu kabisa; kama mbavu zinapanuka bila kusukumana na mkanda, umepata saizi. Mikanda ya nailoni ikilowa huteleza kidogo, kwa hiyo ikaguliwe tena baada ya kuanza safari.

Nije kwenye mkanda wa rafiki yako. Najua unavyovutia. Uko kiunoni, kifua chote kiko wazi, joto hamna. Ndani una mfuko uliokunjwa na mtungi mdogo wa gesi ya kaboni dayoksaidi. Ukivuta kamba, mtungi unatobolewa na mfuko unajaa. Wapo wanaoutumia vizuri: waogeleaji hodari, kwenye maji yaliyotulia, wanaopiga kafi wakiwa wamesimama juu ya ubao, na wameufanyia mazoezi. Kwako wewe, leo, siushauri.

Kwanza, kabla ya kuvutwa hauna nguvu ya kukuinua hata kidogo. Ukigongwa kichwa na ukingo wa kayaki, au mkono ukinaswa kwenye nyavu za wavuvi, hakuna wa kuivuta kamba. Pili, ukishajaa, mfuko wa kiunoni unakuja mbele yako na inabidi uuvae shingoni ukiwa majini, yaani unarudi kwenye kazi ileile niliyokuambia uijaribu bwawani. Tatu, mfuko uliojaa kifuani unakuzuia kupanda tena kwenye kayaki, na mpiga kafi, tofauti na abiria, anatarajia kupanda tena na kuendelea. Na mtungi ukishatumika unahitaji mwingine wa saizi hiyohiyo. Kabla hujatoa shilingi moja, uliza utaupata wapi Kisumu, na nani atakufundisha kuufunga. Kuuagiza kutoka nje kwa ndege si jepesi, maana mitungi ya gesi ina masharti yake. Ukimsikia mtu akisifia ule unaojaa wenyewe ukilowa, jua kwamba mpiga kafi hulowa kila dakika. Unaweza kukulipukia kifuani kwa sababu ya rusharusha za maji tu.

Miaka ijayo, ukiwa umezoea kuanguka na kupanda wimbi likiwepo, tutauzungumzia upya. Kwa sasa sponji haikudai uamuzi wowote. Inafanya kazi hata ukiwa umezubaa.

Rangi ni jambo fupi. Nyeusi na buluu ya kiza hunyonya jua, na majini hazionekani. Kijani usiifikirie kabisa penye magugu maji. Chukua njano au machungwa, yenye vipande vya kuakisi mwanga mabegani, na funga filimbi kwenye mkanda, isiwe ndani ya mfuko. Mifuko mingi mbele ni joto na uzito, mmoja unatosha.

Hata jaketi zuri kabisa litakuwa na joto, hilo tukubaliane. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mstari wa ikweta unapita pale Maseno, na jua la Januari hadi Machi halimwonei mtu huruma. Kwa hiyo sehemu ya pili ya jibu langu ni namna ya kupoa ukiwa umelivaa.

Chini ya jaketi vaa fulana nyembamba ya mikono mirefu, ya poliesta au nailoni, rangi nyeupe au inayokaribia. Pamba ikilowa ni nzito na huchubua. Usilivae jaketi juu ya ngozi tupu ukidhani utapoa. Neti na mishono vitakukwaruza, na hakuna kitambaa cha kusambaza jasho likauke. Fulana hiyo ilowanishe kabla ya kuondoka. Leso ndogo iliyoloweshwa ikazungushwa shingoni, chini ya kofia ya ukingo mpana, hufanya kazi kubwa kuliko jaketi la bei mara mbili.

Maji ya kulowanishia nayo yana habari yake hapa kwetu. Wapiga kafi wa nchi za baridi wakishikwa na joto hujitupa majini, wakapanda tena. Kwenye Winam, ufuoni, usifanye hivyo. Kichocho kipo. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wanaoishi kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, na hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali kuelekea mchana, saa ileile unayotamani kujitosa. Waosha magari na wachota mchanga wa ufuo wa Kisumu wamechunguzwa na watafiti miaka mingi kwa sababu hiyo. Chukua maji safi kutoka nyumbani ndani ya chupa, lowanisha fulana na leso kwa hayo. Ukiwa nje, mbali na ufuo na mbali na majani, hatari inapungua sana. Hapo unaweza kutumbukiza mikono hadi viwiko, ukaiacha humo dakika kadhaa. Damu nyingi hupita karibu na ngozi ya viganja na mikono, na ikipoa hapo hurudi mwilini imepoa. Usifanye hivyo maji yakiwa na utando wa kijani wa mwani, maana baadhi ya mwani huo hutoa sumu, na usijipake usoni. Ukirudi, jipanguse mara moja. Na kwa kuwa unaingia ziwani kila wikendi, kapime kichocho zahanatini angalau mara moja kwa mwaka. Dawa yake ipo.

Kunywa pia, angalau nusu lita kwa saa, usisubiri kiu. Ukianza kuumwa kichwa, kuona kizunguzungu, au kuhisi baridi huku jua linawaka, hilo si joto la jaketi tena. Geuza kayaki, fika nchi kavu, keti kivulini, hapo sasa uvue.

Saa ya kutoka ni dawa yenyewe. Mnaanza saa ngapi hata saa nne iwakute mmechoka kwa joto? Asubuhi ziwa hutulia, na upepo kidogo hutoka nchi kavu kwenda ziwani; alasiri hugeuka, ukaja kutoka ziwani kuelekea mji, mara nyingi na wingu la radi nyuma yake. Mkiingia majini saa moja na nusu na kurudi saa nne kasoro, mmekwepa joto na wimbi kwa pamoja. Msitoke gizani kabisa, kwa kuwa viboko hurudi majini alfajiri wakitoka malishoni, na mafunjo ya Dunga ni njia yao. Subirini kuwe kweupe, mpite mbali na mafunjo. Na upepo ule wa asubuhi, kwa jinsi unavyosaidia kwenda, unaweza kuwadanganya kuhusu nguvu za kurudi. Magugu maji nayo huhama na upepo. Njia mliyotokea huenda mkaikuta imezibwa, na safari ya saa mbili ikawa ya nne. Siku kama hiyo ndiyo nataka uwe umevaa jaketi unaloweza kukaa nalo.

Ukienda kununua, soma lebo ya ndani. Iwe na jina la kiwango, nguvu kwa nyutoni au ngazi, na kipimo cha kifua. Lisilo na lebo usilichukue, hata likiwa zuri vipi. Ya mitumba yapo, na mengine ni mazuri kweli, lakini bonyeza sponji kwa kidole gumba: irudi haraka. Ikibaki na shimo, ikivunjika ndani kwa sauti ya makapi, au kitambaa kikichanika ukikivuta kwa vidole, jua limekwisha kuliwa na jua. Liinamishe karibu na sikio na ulitikise. Pasiwe na vipande vinavyohama ndani. Kisha siku ya kwanza lipeleke bwawani. Ingia maji marefu, legeza mwili, rudisha kichwa nyuma kidogo. Mdomo ukikaa juu ya maji bila kupiga miguu, na jaketi likibaki mahali pake, umelipata. Likifika masikioni, kaza kiuno ujaribu tena, na likikataa rudisha dukani, kwa hiyo kubaliana na muuzaji mapema kuhusu kurudisha.

Likitumika, lisuuze kwa maji ya bomba na ulianike kivulini. Jua la kwetu na joto la buti ya gari au la chini ya mabati huua sponji polepole. Kulikalia kunaibana ikapoteza ujazo, kwa hiyo hilo mnalokodi, likikaliwa na kila mteja, huenda lisifike tena nguvu iliyoandikwa kwenye lebo yake.

Na Jumamosi hii, kabla hujapata pesa za jipya, fanya hivi. Fika mapema, chagua katika rundo lile dogo kabisa linalofunga kifuani bila kukubana, maana kubwa ndilo linalopanda. Bonyeza sponji kama nilivyokueleza. Vaa fulana ya mikono mirefu ili kwapa lipumzike, na kidonda kipake mafuta mazito kabla ya kutoka. Kama kiti chenu kina egemeo linaloshushwa, lishushe hadi chini. Mwombe mwenye kayaki utepe imara wa nailoni, ufungwe nyuma chini ya jaketi, upite katikati ya miguu, ufungwe mbele kwa fundo unaloweza kulifungua kwa mkono mmoja. Halitapanda tena kidevuni. Rudini kabla ya saa nne, ulivue ukishakanyaga mchanga.